Mlonge, dagaa na mapera: Lishe ya mtoto haiko kwenye kopo la bei kubwa

Picha ni ile ile inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya akina mama. Mtoto mwenye mashavu yaliyojaa, pembeni yake kopo la unga wa kijani, na chini yake orodha ndefu: vitamini C mara saba ya chungwa, kalsiamu mara nne ya maziwa, vitamini A mara nne ya karoti. Mwishoni kuna namba ya simu na maneno "mzigo umebaki kidogo, wahi".

Mama mwenye mtoto wa miezi minane, ambaye kadi yake ya kliniki inaonyesha uzito haujapanda kwa miezi miwili, hawezi kulipita tangazo kama hilo hivi hivi. Anapiga hesabu. Akiacha kununua mayai wiki hii, na dagaa pia, fedha ya kopo inapatikana.

Hapo ndipo kosa linapoanzia. Unga ule wa kijani mara nyingi ni majani ya mlonge yaliyokaushwa na kusagwa, na huenda mti wenyewe umesimama kwenye uzio wa jirani. Mayai na dagaa aliotaka kuwaacha ndio waliobeba sehemu kubwa ya kile ambacho mtoto wake anakosa.

Vyakula vya aina hii siku hizi vina jina: supafudi, yaani chakula kinachodaiwa kubeba lishe nyingi kuliko vingine. Mlonge, ubuyu, mbegu za chia, parachichi, ulezi na vingine vingi vimepewa sifa hiyo. Nyingi ya sifa hizo zina ukweli ndani yake. Swali ambalo mzazi anatakiwa kujiuliza ni moja tu: katika sifa zote hizo, ni kiasi gani kinafika kwenye sahani ya mtoto na kuingia mwilini mwake?

Neno lililozaliwa sokoni

Supafudi si neno la hospitali wala la maabara. Hakuna kipimo cha kisayansi ambacho chakula kikikivuka kinapewa jina hilo. Ni neno la wauzaji.

Wanaofuatilia historia yake huanzia mwanzoni mwa karne ya 20, miaka ya Vita ya Kwanza ya Dunia, wakati kampuni ya Marekani ya United Fruit Company ilipokuwa ikitafuta soko la bidhaa yake kubwa. Ilichapisha vijitabu kusifu faida zake: ni rahisi kubeba, inashiba, haihitaji kupikwa na imefungwa vizuri na maganda yake yenyewe. Bidhaa hiyo ilikuwa ndizi.

Ndiyo, ndizi hii hii inayouzwa kwenye beseni kituo cha daladala.

Umoja wa Ulaya uliliona tatizo la neno hilo mapema. Tangu mwaka 2007, bidhaa hairuhusiwi kuuzwa huko kwa sifa ya supafudi isipokuwa iambatane na dai mahususi la kiafya lililoidhinishwa kwa ushahidi wa kisayansi.

Mfano mwingine uko bustanini. Miaka ya karibuni, mboga ya majani iitwayo kale imekuwa ya kifahari katika migahawa ya New York na London, ikisagwa juisi na kukaangwa kama chipsi. Kale na sukuma wiki ni ndugu wa ukoo mmoja wa kabichi. Huku Afrika Mashariki jina la sukuma wiki lenyewe linaeleza nafasi yake: mboga ya kusukumia wiki mpaka mshahara utoke. Lishe ya ndugu hao wawili inakaribiana. Kilichotofautiana ni bei na heshima.

Hesabu ya kijiko kimoja

Mlonge ni mti wa maana, na hilo halina ubishi. Majani yake mabichi, gramu 100, yana protini takribani gramu tisa, kiasi kikubwa kwa mboga ya majani. Yana pia kalsiamu, madini ya chuma na viini vya vitamini A.

Ila zile "mara saba" na "mara nne" zinahitaji kusomwa kwa makini. Gramu 100 za majani mabichi ya mlonge zina vitamini C takribani miligramu 52. Gramu 100 za chungwa zina miligramu 53. Ni sare. Na majani yakishakaushwa na kusagwa, sehemu kubwa ya vitamini C inakuwa imepotea, kwa kuwa vitamini hiyo haivumilii joto, mwanga wala hewa.

Kwa kalsiamu na madini ya chuma, kukausha hakupotezi. Kunaondoa maji, hivyo kilichobaki kinaonekana kingi zaidi kwa uzito ule ule. Ndiyo maana unga wa mlonge, gramu 100, hutajwa kuwa na kalsiamu karibu miligramu 2,000 na madini ya chuma karibu miligramu 28. Namba hizo zinatisha kwa uzuri.

Lakini ni mtoto gani anakula gramu 100 za unga wa mlonge? Kijiko kimoja cha chai kina gramu tatu hivi. Kwa kijiko hicho mtoto anapata madini ya chuma chini ya miligramu moja, wakati mahitaji ya mtoto wa miezi saba hadi kumi na miwili ni takribani miligramu 11 kwa siku. Kalsiamu atakayopata ni miligramu 60 hivi, ambapo kikombe kimoja cha maziwa ya ng'ombe hutoa karibu miligramu 300.

Tena chuma kinachotoka kwenye majani hakiingii chote mwilini. Kinachofyonzwa ni sehemu ndogo tu, na kilichobaki hutoka na choo.

Hii haina maana kwamba mlonge utupwe. Maana yake ni kwamba mlonge ni mboga, na unafanya kazi nzuri ukiliwa kama mboga: majani machanga yakachumwa, yakachambuliwa na kupikwa kwa nyanya na karanga zilizotwangwa, familia nzima ikala bakuli badala ya kijiko. Anayekausha kwa ajili ya kiangazi akaushe kivulini penye hewa, kwa sababu jua kali huua viini vya vitamini A.

Jambo moja la tahadhari: kinacholiwa ni majani na maganda machanga. Mizizi na magome ya mlonge si chakula, na mama mjamzito hapaswi kuyatumia kwa sababu yanaweza kusababisha mji wa uzazi kukaza.

Parachichi zinasafiri, watoto wanadumaa

Kama wingi wa chakula chenye sifa ungetosha peke yake, basi Nyanda za Juu Kusini zingekuwa na watoto wenye afya kuliko wote nchini. Njombe, Iringa na Rukwa ni mikoa inayolisha wengine. Mahindi yanatoka huko, maharage yanatoka huko, viazi vinatoka huko. Parachichi za Njombe zinapakiwa kwenye makontena na kusafirishwa hadi Ulaya, ambako zinauzwa kama chakula cha watu wanaojali afya.

Hata hivyo, Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa. Njombe na Rukwa ni takribani nusu. Kwa Tanzania nzima kiwango kilikuwa asilimia 30, kikiwa kimeshuka kutoka asilimia 34 katika utafiti wa mwaka 2015/16. Upande wa damu hali si nzuri zaidi: zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wana upungufu wa damu.

Udumavu ni pale mtoto anapokuwa mfupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wake kwa sababu ya kukosa lishe kwa muda mrefu na kuuguaugua. Ufupi ndio unaoonekana kwa macho. Kisichoonekana ni ubongo ambao haukupata vya kujengea katika siku 1,000 za mwanzo, kuanzia mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Baada ya hapo kurekebisha ni vigumu sana.

Sababu ni nyingi na zinashikana. Mazao mazuri yanauzwa, nyumbani unabaki ugali. Mama yuko shambani tangu asubuhi, na mtoto anaachiwa dada yake mdogo na sufuria la uji. Uji wenyewe ni wa unga mweupe wa sembe, mwepesi, usio na kitu kingine ndani yake. Kuhara na homa za mara kwa mara humaliza kile kidogo kilichoingia.

Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo. Likijaa uji mwepesi limejaa maji. Mtoto anaacha kulia, mama anaamini ameshiba, kumbe mwili unaendelea kudai.

Mabingwa wa jikoni

Vyakula vyenye nguvu kwa mtoto viko vingi, na vingi havina tangazo. Hivi ni baadhi ambavyo faida zake ziko wazi.

Dagaa. Dagaa wakavu, wawe wa Mwanza au wa Kigoma, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Kwa kuwa huliwa wazima na mifupa yao, wanatoa kalsiamu ambayo samaki mkubwa hatoi. Wana madini ya chuma ya aina inayofyonzwa kwa urahisi, zinki inayosaidia ukuaji na kinga, na vitamini B12 ambayo haipatikani kwenye mboga. Cha kusikitisha, sehemu kubwa ya dagaa wanaovuliwa Ziwa Victoria hutengenezewa chakula cha kuku na mifugo.

Kwa mtoto mdogo, wachaguliwe dagaa wasio na chumvi, waliokaushwa juu ya chanja au wavu badala ya mchangani. Waondolewe vichwa na matumbo, waoshwe kwa maji ya uvuguvugu mpaka mchanga uishe, wakaangwe bila mafuta hadi wakauke kabisa, kisha watwangwe na kuchekechwa. Unga huo utengenezwe kidogo kidogo, wa wiki moja, kwa sababu mafuta yake huchacha. Kijiko kimoja cha chakula ndani ya viazi vilivyopondwa au ndizi kinatosha, na matone ya limao yanaondoa harufu.

Viazi lishe. Hivi ni viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Rangi hiyo ndiyo kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kuimarisha kinga. Kiazi kimoja cha gramu 125 hivi kinaweza kutosheleza mahitaji ya vitamini A ya mtoto mdogo kwa siku. Viazi vitamu vyeupe, ambavyo vimezoeleka zaidi, vina kiini hicho kidogo sana.

Kazi ya kueneza viazi hivi Afrika ilitambuliwa mwaka 2016, pale Tuzo ya Chakula Duniani ilipotolewa kwa watafiti Maria Andrade, Jan Low, Howarth Bouis na Robert Mwanga wa Uganda. Kwa mzazi, uzuri wake ni kwamba ni laini, ni vitamu, na mtoto havikatai.

Mapera na ubuyu. Pera ni tunda linalodharauliwa kwa kuwa linaokotwa njiani. Gramu 100 za pera zina vitamini C takribani miligramu 228, zaidi ya mara nne ya chungwa. Kwa mtoto wa chini ya mwaka liwe limeiva, lipondwe na kuchujwa mbegu.

Ubuyu nao una vitamini C nyingi, ingawa kiasi hutofautiana sana kati ya mti na mti. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wake uuzwe huko, na tangu hapo umekuwa ukiwekwa kwenye vinywaji na vitafunwa vya bei. Ila ubuyu mwekundu wa kwenye vifuko ni jambo jingine. Huo umepikwa kwa sukari na rangi, ni peremende. Faida inapatikana kwenye unga mweupe wa asili uliolowekwa kwenye maji safi yaliyochemshwa na kuachwa yapoe, ukachujwa na kunywewa bila kuchemshwa tena.

Ulezi. Kati ya nafaka, ulezi ndio unaoongoza kwa kalsiamu, takribani miligramu 340 kwa gramu 100. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2023 kuwa mwaka wa nafaka za jamii ya ulezi, uwele na mtama. Ulezi ukilowekwa na kuoteshwa kabla ya kusagwa, madini yake hufyonzwa vizuri zaidi.

Maharage, kunde na choroko. Hivi ni protini ya kila nyumba. Vilowekwe usiku kucha na maji yale yamwagwe kabla ya kupika. Hilo hupunguza gesi na pia hupunguza vitu vinavyozuia chuma na zinki kufyonzwa. Kwa mtoto vipondwe, na maganda yachujwe mwanzoni.

Mayai na maini. Yai moja ni chakula karibu kamili, na linaweza kuanza kutolewa mtoto anapotimiza miezi sita, likiwa limeiva kabisa. Kipande kidogo cha maini mara moja kwa wiki kina madini ya chuma na vitamini A kuliko karibu kila kitu kingine sokoni. Mama mjamzito ndiye anayetakiwa kuwa na kiasi kwenye maini, kwa kuwa vitamini A ikizidi inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Ndoa za jikoni

Chakula kimoja, hata kiwe na sifa gani, kinahitaji mwenzake. Hapa ndipo mzazi anaweza kupata faida kubwa bila kuongeza hata shilingi.

Madini ya chuma ya maharage na mboga za majani yanapenda vitamini C. Maharage yaliyokamuliwa limao yakiwa mezani, au yakifuatiwa na kipande cha pera, chungwa au papai, hutoa chuma kingi zaidi kuliko maharage yale yale yakiliwa makavu. Dagaa, nyama au samaki kidogo ndani ya maharage hufanya kazi kama hiyo: huvuta na chuma cha maharage pia.

Vitamini A inapenda mafuta. Mchicha, majani ya maboga, karoti na viazi lishe vikichemshwa kwa maji matupu, sehemu ya viini vya vitamini A hupita tumboni bila kufyonzwa. Kijiko cha mafuta, karanga zilizotwangwa, tui la nazi au parachichi vinatosha kubadili hali hiyo. Viazi lishe vilivyopondwa pamoja na parachichi ni chakula cha mtoto kinachotengenezwa kwa dakika chache, na kwa Njombe au Rungwe vyote vinaweza kutoka shambani kwa familia.

Ndoa mbaya nazo zipo. Chai ya rangi na kahawa hushika chuma na kukizuia kufyonzwa. Katika nyumba nyingi mtoto wa mwaka mmoja anapewa chai na andazi asubuhi, na jioni anateremshia chakula kwa chai. Chai si kinywaji cha mtoto mdogo. Kwa wakubwa, hasa mama mjamzito, inywewe saa moja au mawili baada ya chakula.

Mboga za majani zioshwe kabla ya kukatwa, zipikwe kwa muda mfupi na maji machache, na maji yake yasimwagwe. Mchicha uliochemka mpaka umekuwa mweusi umeacha vitamini nyingi hewani na kwenye maji.

Unga wa lishe: wingi wa vitu si wingi wa lishe

Wazazi wengi hufikiri suluhisho ni unga wa lishe wenye kila kitu ndani: mahindi, mchele, ulezi, uwele, ngano, soya, karanga, maharage, korosho, mbegu za maboga na dagaa juu yake. Nia ni njema, lakini mchanganyiko huo una matatizo yake.

Kwanza, vitu hivyo haviivi kwa muda mmoja. Soya na maharage vinahitaji moto wa muda mrefu kuliko unga wa mchele. Soya isiyokaangwa vizuri ina vitu vinavyozuia protini kusagwa tumboni, na matokeo yake ni mtoto kujaa gesi na kuharisha.

Pili, mtoto akipata mzio, mzazi hawezi kujua ni kitu gani kati ya kumi na moja kilichomdhuru. Ndiyo maana chakula kipya huanzishwa kimoja kimoja.

Tatu, na kubwa zaidi, ni sumukuvu. Hii ni sumu inayotengenezwa na aina ya ukungu kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa au kuhifadhiwa vizuri. Haionekani kwa macho, haina harufu, na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, kati ya wagonjwa 68 walioripotiwa. Ikiliwa kidogo kidogo kwa muda mrefu hudhuru ini, na inahusishwa na kuzorota kwa ukuaji wa watoto.

Kilicho salama zaidi ni unga mwepesi kueleweka: nafaka moja au mbili, kwa mfano ulezi na mahindi ya dona safi. Mahindi na karanga vichambuliwe punje kwa punje. Zilizovunjika, zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi zitupwe, zisiende hata kwa kuku. Unga usagwe kidogo, ukae pakavu. Vitu vingine, yaani karanga zilizotwangwa, maziwa, yai au unga wa dagaa, viongezwe jikoni wakati wa kupika.

Uji uwe mzito, usiodondoka haraka kijikoni. Kama mtoto anashindwa kuumeza, kuna ujuzi wa zamani wa kimea, yaani ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Kijiko kidogo cha kimea kikikorogwa kwenye uji mzito uliopoa kiasi, uji huo hulainika wenyewe bila kuongezewa maji. Kisha unachemshwa tena kabla ya mtoto kupewa.

Makundi manane, angalau matano

Shirika la Afya Duniani na UNICEF wana kipimo rahisi ambacho mzazi anaweza kukitumia bila mizani. Chakula cha mtoto wa miezi 6 hadi 23 kinagawanywa katika makundi manane: maziwa ya mama, nafaka, mizizi na ndizi za kupika, jamii ya kunde, karanga na mbegu, maziwa na bidhaa zake, nyama, samaki, kuku na maini, mayai, matunda na mboga zenye vitamini A, na matunda na mboga nyingine. Kwa siku, mtoto apate angalau makundi matano.

Mtoto wa miezi tisa anayenyonya tayari ana kundi moja. Asubuhi akipata uji wa ulezi wenye karanga, ana matatu. Mchana viazi lishe vilivyopondwa na parachichi na unga wa dagaa vinamfikisha sita. Jioni ndizi zilizopikwa na mchicha, na nusu ya yai, zinamfikisha saba. Hakuna kopo hata moja hapo.

Kiasi nacho kina mwongozo. Mtoto anapoanza kula akiwa na miezi sita hupewa vijiko viwili hadi vitatu vya chakula kila mlo, na kuongezewa taratibu. Akiwa na miezi tisa hadi 11 nusu kikombe kwa mlo, na akishavuka mwaka robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima. Milo iwe miwili hadi mitatu kwa siku mwanzoni, kisha mitatu hadi minne kuanzia miezi tisa, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi.

Kabla ya miezi sita, maziwa ya mama pekee yanatosha. Hakuna unga, juisi wala maji yanayohitajika, labda dawa iliyoandikwa na mtaalamu. Asali isitolewe kabla ya mwaka mmoja, na karanga nzima zisitolewe kwa mtoto mdogo kwa kuwa zinaweza kumpalia.

Tangazo lisichukue nafasi ya kliniki

Mtoto ambaye mstari wa uzito kwenye kadi umelala au kushuka, aliyepauka viganja na midomo, anayevimba miguu, au aliyekataa kula kwa siku kadhaa, anahitaji kuonwa na mtoa huduma. Huenda tatizo ni minyoo, malaria, maambukizi au upungufu wa damu unaohitaji dawa. Kila siku anayopewa unga wa kijani kwa kusubiri muujiza ni siku iliyopotea, na katika zile siku 1,000 hakuna ya kupoteza. Matone ya vitamini A na dawa za minyoo hutolewa kwenye vituo vya afya na wakati wa kampeni, na mzazi asizikose.

Vivyo hivyo, mzazi mwenye kisukari au shinikizo la damu anayetumia unga wa mlonge au mitishamba mingine amwambie daktari wake. Baadhi hushusha sukari au shinikizo, na vikikutana na dawa vinaweza kushusha kupita kiasi.

Yule mama mwenye mtoto wa miezi minane bado ameshika simu. Fedha ya kopo ikibaki mkononi, kesho itanunua trei ya mayai au kilo ya dagaa, fungu la viazi vya rangi ya chungwa na malimao. Majani ya mlonge ataomba kwa jirani.